Jino la Juu

Mjukuu wangu anasomea uuguzi, na likizo hii amenijia na daftari lenye hatua zote za maisha ya binadamu, tangu mimba inapotungwa mpaka mtu anapozikwa. Alinisomea tukiwa tunachambua mboga. Mimba, uchanga, utoto, kubalehe, utu uzima, uzee. Hapa mtoto anashika, hapa anatambua sura, hapa anaogopa wageni, hapa anasema. Nilikuwa natikisa kichwa kukubali, nikistaajabu kwamba kuna watu walikaa chini wakayaandika mambo ambayo sisi tuliyaona kwa macho tukanyamaza. Tulipofika kwenye uzee, daftari likawa na mistari mitatu tu: nguvu hupungua, macho hufifia, mtu habadiliki tena.

"Hebu rudia hapo," nikamwambia.

Akarudia. Nikasema aliyeandika hivyo ni mpumbavu, na kama ni mwalimu wake basi amfikishie, aseme nimesema mimi. Binti akacheka, akadhani namtania. Utani uko wapi? Nilikuwa na miaka tisa hivi, enzi za Mjerumani, nilipomwona mwanamke mzee akikua mbele yangu kwa asubuhi moja. Alikuwa bibi yangu, mzaa mama.

Tulikaa Uluguru, juu ya Bigwa, mwendo wa kukutoa jasho ukipanda na mzigo. Kutoka shambani kwetu tuliiona Morogoro yote kule chini, mabati ya boma yakimeremeta. Baba alikuwa huko chini akibeba mataruma ya reli. Alipanda kuja kwetu mara moja kwa mwezi, mabega yamechubuka, anakula, analala, anashuka. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanawake watupu: mama, Bibi na mimi. Bibi alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa mlima ule waliangukia mikononi mwake, na hakumwogopa mtu, maana mtu uliyemshika angali na damu ya kuzaliwa utamwogopea nini?

Mama alipopata mimba, Bibi ndiye aliyejua kwanza. Alimwona anamega udongo wa kichuguu anatafuna, akasema, "Haya, tuna mgeni." Basi yakaanza makatazo. Mama asile mayai. Asisimame mlangoni, ama aingie ama atoke, kwa kuwa mama akisimama mlangoni na mtoto naye siku yake atasimama mlangoni. Mimi nikawa askari wa mlango. Kila mama alipokaribia nilikuwa namsukuma mgongoni, naye ananikaripia.

Siku moja Bibi akauchukua mkono wangu, akaubandika kwenye tumbo la mama. "Tulia," akasema. Nikatulia. Lo! Nikapigwa teke. Nikaruka nyuma nikauliza nani kanipiga, wakacheka mpaka mama akajishika mbavu.

"Mtu," Bibi akanijibu. "Ila bado hajaamua kama atakaa."

Nilikwenda kulala chini ya mgomba nikitazama tumbo langu mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba na mimi nilikaa humo, gizani, nikipiga watu mateke bila kuwajua. Niliogopa vizuri, woga ule wa kutaka kurudia. Kesho yake niliomba tena kupigwa.

Mtoto alipozaliwa, wa kike, hakupewa jina. Kwetu kichanga aliitwa mgeni mpaka kitovu kidondoke, na akiondoka kabla ya hapo hakuna msiba. Hata kitovu kilipodondoka hakuhesabiwa bado. Nilimuuliza Bibi huyu atakuwa mtu lini, akanijibu, "Pole pole, mke mwenzangu. Mtu haji kwa siku moja." Bibi alikuwa akiniita mke mwenziwe, kwa utani wa bibi na mjukuu, na mimi nilikuwa najibu kwamba mume mwenyewe alishakufa, nabaki kugombania nini.

Waswahili husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kazi hiyo nikapewa mimi. Mama alirudi shambani, nami nikafungiwa mdogo wangu mgongoni kwa kaniki kuanzia asubuhi mpaka jua linapoinama. Nililalamika siku mbili. Siku ya tatu nilimtia kidole kiganjani akakikaza, akakikaza hasa, kama aliyeniona tangu zamani, nikakoma kulalamika. Jamani, mambo ya daftari lile niliyaona! Nilimwona akifuata jani kwa macho, halafu akifuata uso wangu, halafu siku moja uso wangu ukamfanya acheke. Hakuna aliyemfundisha. Nilimpeleka mbio shambani nikampigia mama kelele aje aone, na mtoto, kwa ukaidi wake, akanuna.

Alipoweza kuketi, nilikuwa najifunika kaniki usoni. Mwanzoni nikijifunika kwake nilikuwa nimekwisha, anageukia kitu kingine. Mwezi uliofuata alianza kuivuta ile kaniki. Alikuwa amejua kwamba nipo huko nyuma ingawa hanioni! Mpaka leo jambo hilo linanisisimua. Baba naye alipanda siku hizo, akanyoosha mikono ampokee mwanawe, mtoto akapiga yowe la kuita majirani. Baba akavunjika moyo kabisa. "Ananiona Mjerumani?" akauliza. Bibi akamwambia ashukuru, mtoto asiyemkataa mgeni bado hajawajua wa kwake.

Sasa nieleze habari ya meno, maana vijana hawaijui na heri yao. Kwetu mtoto huota jino la chini kwanza. Akianza la juu, huyo ni kigego. Kigego huua. Humfuata aliye karibu naye kuliko wote, akimmaliza humfuata mwingine, mpaka nyumba ibaki kuta. Kwa hiyo mdomo wa mtoto hautazamwi ovyo. Mkunga peke yake hutia kidole, mbele ya mkuu wa ukoo, naye huulizwa mara tatu, la juu au la chini, na hujibu mara tatu. Likiwa la chini, mtoto anavishwa shanga, ndiyo kwanza anahesabiwa mtu. Likiwa la juu, mtoto "anarudishwa". Ndivyo tulivyosema, anarudishwa. Boma lilikuwa limekataza jambo hilo kwa ukali. Watu wakaacha kulisema, hawakuacha kulitenda.

Asubuhi moja mdogo wangu alikuwa analialia, mate yanamchuruzika, nami nikampa kidole changu atafune atulie. Sikuwa na nia yoyote. Kidole kikakwaruzwa juu. Nikadhani ni punje ya muhindi imemnasa, nikapapasa tena. Haikuwa punje. Nikapapasa chini, ufizi mtupu, laini.

Nikamfunga mgongoni nikaingia migombani, nikakaa humo mpaka waliponiita kula. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua kitu kimoja: nikifungua mdomo, mdogo wangu hatakuwapo kesho. Basi nikanyamaza. Nikapiga hesabu za kitoto kwamba la chini halitachelewa, litatoka, yatachanganyika, nani atajua lipi lilitangulia?

Taabu ilikuwa moja, kicheko. Mtoto yule alikuwa mcheshi wa ajabu, anamchekea hata mbuzi, na akicheka ufizi wote wa juu uko nje. Na aliyemfundisha kucheka ni mimi. Kwa hiyo nikaamua kumfundisha kutocheka. Nikafanya uso wa jiwe. Alinitazama, akacheka. Nikamtazama tu. Akapiga makofi, mchezo wetu ule. Nikamtazama tu. Akanivuta kaniki, akatoa sauti zote alizokuwa nazo, moja baada ya nyingine, kama mchuuzi anayetandaza kila kitu ili mteja asiondoke. Halafu akaangalia pembeni. Halafu akalia, si kwa kelele, taratibu. Nililia na mimi. Nilikuwa sijui kwamba mtu mdogo kiasi kile anaishi kwa uso wa mwenzake. Lakini kesho yake nilifanya tena, na kesho kutwa tena, na mtoto akawa mpole, mkimya, macho chini. Wanawake wakasema ametulia siku hizi. Nilitaka kuwatemea mate.

Mama akaugua. Alirudi shambani anatetemeka, akajilaza, na siku ya tatu alikuwa haitambui nyumba. Homa za mlimani tulizijua, kila mtu alizipata. Lakini mimi nilikuwa na siri mdomoni, na mwenye siri kila kitu kinamsema yeye. Nani alikuwa karibu na mtoto kuliko mama? Nani alikuwa anamnyonyesha? Kigego ameshaanza kazi, na ni mimi niliyemficha. Nilimtazama mama anavyohema, nikamtazama mdogo wangu anavyotambaa kumwendea, nikamvuta mguu asimfikie. Alinishangaa. Hata mbwa nisingemfanyia vile.

Nikamfuata Bibi nyuma ya nyumba, alikokuwa anaponda mizizi ya dawa ya homa. Shangazi zangu, waliokuja kumwuguza mama, walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba mtoto ana miezi minane hajaonyeshwa jino, na mama yake anakwisha, kulikoni? Bibi aliona ninavyosimama.

"Sema," akasema. "Mficha uchi hazai."

Nikasema. Nilisema yote, hata habari ya kumnyima mtoto uso wangu. Bibi hakuacha kuponda.

"La juu? Hujachanganya?"

"La juu, Bibi."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Mama yako?"

"Hata mama."

Nikamsogezea mtoto apapase mwenyewe. Akaurudisha mkono wake kifuani haraka. "Usinipe," akasema. "Kidole changu kikiingia ni lazima kiseme." Akakusanya mizizi yake, akaniacha nimesimama pale. Mimi nilitaka mama apone, na nilitaka mtoto abaki, na nilitaka Bibi aniambie nimekosea. Sikupata hata kimoja.

Kesho yake asubuhi akaja Babu. Huyu alikuwa mdogo wake Bibi, mkuu wa ukoo wetu, mtu mpole tu, ila desturi ilikuwa imemkaa mabegani. Shangazi ndio waliomwita. Akaketi uani kwenye kigoda, wanawake wakazunguka, mama yuko ndani anaweweseka. Niliambiwa nimpakate mtoto. Bibi akanawa mkono wa kulia, akaufuta kwenye kaniki yake, akachuchumaa mbele yangu. Mtoto alimwona Bibi akataka kucheka, akanitazama kwanza mimi, kama anaomba ruhusa. Nikafanya uso wa jiwe. Akaacha.

Kidole kikaingia. Niliangalia uso wa Bibi kwa ukaribu ambao sijawahi kuutazama uso wa mtu. Kilikwenda chini, kikatambaa, hakuna kitu. Kikaenda juu. Kikasimama. Nywele za mkono wake zilisimama pia, naapa. Mtoto alikuwa anakinyonya.

"Dada," Babu akasema, "la juu au la chini?"

Kuku alikuwa anaparua karibu yetu na hakuna aliyemfukuza.

"La chini," Bibi akasema. Sauti ilikuwa ndogo mno, hata shangazi mmoja akauliza amesemaje.

"Dada, la juu au la chini?"

"La chini." Hii ilitoka imekwaruza. Hapo nikajua kwa mara ya kwanza kwamba Bibi anaweza kuogopa. Miaka yote ile alitia kidole akasema alichokuta. Kidole kile watu walikiamini kuliko macho yao. Alikuwa anakivunjia heshima pale pale, mbele ya ukoo, mbele ya mizimu iliyokuwa inamsikiliza, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

"Dada, mara ya mwisho. La juu au la chini?"

Bibi akainuka. Akamchukua mtoto kwangu, akamlaza begani uso ukiwa umeelekea nyuma, akamtazama ndugu yake. "La chini," akasema, na safari hii sauti ilikuwa imenyooka, ya mtu ambaye sikuwa nimewahi kumsikia. "Leteni shanga."

Vigelegele vikapigwa. Babu akashusha pumzi, nikaona na yeye alikuwa anaogopa, maskini. Watu wanasema mtoto anakua, mtoto anakua, kama kwamba wengine tumekwisha kuumbwa tukamalizika. Mzee aliyeinuka pale chini si yule aliyechuchumaa.

Walipoondoka nilimkimbilia nyuma ya nyumba. Nilikuwa na furaha ya kijinga. "Bibi, kumbe ni uongo! Kumbe kigego haui!"

"Anaua," akasema.

Nikaacha kurukaruka.

"Anaua," akarudia. "Humfuata aliye karibu naye. Naamini hivyo tangu nazaliwa, nitaachaje leo? Mlete hapa. Kuanzia leo analala kwenye mkeka wangu, nambeba mimi, namlisha mimi. Akitaka kunyonya nitampeleka kwa mama yake na kumrudisha. Kama kuna wa kufuatwa, nifuatwe mimi. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha."

Ikawa hivyo. Alimfunika begani siku kama kumi, hakuna aliyeuona ufizi ule, mpaka ya chini yakachomoza mawili kwa pamoja. Homa ya mama ilikatika siku ya tano, akaomba uji, akauliza kwa nini mwanawe amehamia mgongoni kwa Bibi. Hakuambiwa. Na mimi nilirudishiwa ruhusa ya kucheka. Nilimkalia mtoto mbele nikamchekea, naye kwanza hakuamini, alinikazia macho muda mrefu, halafu akacheka mpaka akaanguka chali.

Bibi akajiandaa kufa. Aligawa vyungu vyake. Akaanza kunifundisha ukunga kwa haraka, namna ya kugeuza mtoto tumboni, majani gani, wakati gani wa kunyamaza na wakati gani wa kutukana. Kila alfajiri alipofumbua macho alinigutusha kwa mguu.

"Mke mwenzangu. Bado nipo?"

"Upo, Bibi."

"Lo, makubwa." Kisha anampapasa mtoto, anamkuta yupo naye.

Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi, naye yupo. Nilimwona akijifunika kaniki usoni na kujifunua, yeye aliyekuwa hachezi na mtoto wa mtu. Nilimwona akibishana na mtoto asiyejua neno, anamwuliza na kumjibia. Wakati mwingine alikuwa akicheka anajiziba mdomo, anatazama huku na huku, kama aliyekamatwa anaiba. Mama alimshangaa. Alisema hakuwahi kumwona mama yake hivyo, hata yeye alipokuwa mdogo.

Mtoto alikuwa anajifunza kusimama siku tulipokuwa mtoni tunafua. Bibi alimpa kidole ashike, akawa anamvuta ainuke, anaanguka, anainuka. Nikauliza kile nilichokuwa nakiogopa.

"Bibi, ungesema la juu, nani angemrudisha?"

"Mkunga," akasema. "Anayepokea ndiye anayerudisha."

"Umeshawahi?"

"Watano."

Nikaacha kufua. Nikauliza walikuwa wa nani.

"Wa watu," akasema. Akamvuta mtoto ainuke tena. "Wa kwanza alikuwa wangu. Kabla ya mama yako. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepewa ukunga, nikatia kidole mimi mwenyewe. Nikaulizwa mara tatu, nikasema kweli mara tatu."

Mdogo wangu alikuwa amesimama, amekikaza kidole kile kwa ngumi yake yote, magoti yanamtetemeka. Bibi akauinamia uso wake.

"Haya, mama," akamwambia. "Mguu mwingine."